Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Siri Isiyofaa Kubebwa na Mtu Mmoja

Mama mmoja wa makamo aliletwa wodini kwetu akiwa ameshikwa mabegani na wadogo zake wawili. Alikuwa ametapika kwa wiki tatu. Katika zahanati ya jirani alitibiwa malaria, kisha taifodi, na kwa kuwa hakuwa akila chochote, akatundikiwa dripu za glukosi. Baada ya dripu hizo alianza kuyumba anapotembea, kuona vitu viwiliviwili, na kuwaita watoto wake kwa majina yasiyo yao. Nilipokuwa nikimpima tumbo niliona makovu madogo matano, yaliyopona vizuri, kila moja halizidi upana wa kidole. Nikauliza alifanyiwa upasuaji gani. Wadogo zake wakatazamana. Walichojua ni kwamba dada yao alisafiri kwenda India miezi miwili iliyopita kutibiwa uvimbe wa kizazi.

Hakuwa na uvimbe wa kizazi. Alikuwa amepunguzwa mfuko wa chakula ili apungue uzito, na alikuwa ameamua kwamba hakuna mtu atakayejua.

Kilichompata kinaeleweka kitabibu. Mwili huhifadhi akiba ndogo sana ya thiamini, yaani vitamini B1, akiba isiyozidi wiki chache. Mtu anayetapika mfululizo huimaliza. Ubongo hauwezi kutumia sukari bila vitamini hiyo, na mgonjwa wa namna hii akipewa glukosi kabla ya kupewa thiamini, madhara katika ubongo yanaweza kujitokeza ghafla au kuzidi. Tulimpa thiamini kwa sindano na hali yake ikatengemaa. Macho yakatulia, miguu ikapata nguvu. Kumbukumbu haikurudi yote.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Mpasuaji alifanya kazi safi. Mhudumu wa zahanati alitibu alichokiona kwa maarifa aliyokuwa nayo. Kilichokaribia kumwangamiza mama yule ni ukimya. Ndiyo maana ninaandika makala haya: upasuaji wa kupunguza uzito humalizika kwa saa chache, lakini maisha yanayofuata hayawezi kuendeshwa na mtu mmoja kwa siri. Yanahitaji angalau jicho moja jingine ndani ya nyumba, na yanahitaji kila mhudumu wa afya atakayekutana na mgonjwa aambiwe ukweli.

Simlaumu aliyenyamaza. Ukimya huo una sababu, na sababu nyingi tumezitengeneza sisi wenyewe. Kwanza ni dhihaka. Mtu mnene akipunguza uzito kwa upasuaji huambiwa amechukua njia ya mkato, kwamba angefunga mdomo na kutembea asubuhi yangekwisha. Kauli hiyo haina msingi wa kisayansi. Mwili uliokwisha kuuzoea uzito mkubwa huutetea: mtu anapojinyima, homoni za njaa hupanda na mwili hupunguza matumizi ya nishati, ndiyo sababu wengi hupungua kwa miezi kadhaa kisha hurudi walikotoka. Upasuaji hauishii katika kufanya tumbo kuwa dogo, bali hubadili pia mazungumzo kati ya utumbo na ubongo kuhusu njaa na shibe.

Pili ni hofu ya kukonda. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini kwetu, mkoani Kagera, mwaka 1983, wembamba wa ghafla umebeba tuhuma. Majirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo Slim, jina lenye maana ya wembamba. Dawa za kufubaza virusi zimebadili hali, lakini macho ya mtaa hayajabadilika kwa kasi ileile. Mtu aliyepungua kilo thelathini kwa miezi sita akipita sokoni, minong'ono humfuata. Akisema ukweli atachekwa, akinyamaza atazushiwa ugonjwa. Wengi huchagua kunyamaza.

Tatu ni chakula chenyewe. Kwetu chakula ni heshima na upendo. Mama mkwe humpima mkamwana kwa sahani aliyoimaliza, na mgeni anayegusa matonge mawili akanawa mikono huonekana ameudharau mji. Aliyefanyiwa upasuaji atakataa sahani hiyo kila siku, mbele ya watu walewale, kwa maisha yake yote. Bila maelezo, kukataa huko hugeuka ugomvi.

Nisieleweke kwamba napinga upasuaji huu. Katika aina moja inayofanywa sana, mpasuaji huondoa takribani robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, ukabaki umbo la mrija mwembamba. Katika aina nyingine, ile ya mchepuko, hutengenezwa kifuko kidogo chenye ujazo wa mililita thelathini hivi, kisha huunganishwa moja kwa moja na sehemu ya mbele zaidi ya utumbo mwembamba. Wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili huacha au hupunguza dawa baada ya upasuaji. Nchini Uswidi, kuanzia mwaka 1987, watafiti walifuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye uzito mkubwa, takribani nusu yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa waliofanyiwa. Manufaa yapo, ila hayajilindi yenyewe.

Hebu tuingie jikoni, maana huko ndiko maisha mapya yanakoanza. Wiki mbili za mwanzo ni za vimiminika: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi sana. Hufuata vyakula vilivyosagwa, kisha vilivyo laini, na takribani baada ya wiki sita hadi nane mgonjwa huanza kurudi kwenye chakula cha kawaida kidogokidogo. Hata hapo, cha kawaida si cha zamani. Tonge la ugali, wali mkavu na chapati huvimba au kushikana na huweza kukwama, mgonjwa akahisi kifua kimezibwa na kutapika. Hutakiwa kutafuna hadi chakula kilainike kabisa, kula kwa dakika ishirini au thelathini, na kuacha mara tu dalili ya kwanza ya shibe inapojitokeza. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiriwa kama nusu saa, kisha hunywewa kwa mafunda madogomadogo siku nzima hadi yakaribie lita moja na nusu.

Kisha kuna hesabu ya protini. Wengi huhitaji gramu 60 hadi 80 kwa siku ili misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Yai moja lina gramu sita hivi, na glasi ya maziwa ya robo lita ina gramu nane. Ukiwa na mfuko wa chakula usiozidi kikombe cha kahawa, hesabu hiyo haitimii iwapo utaanza na wanga. Kwa hiyo samaki, dagaa, mayai, mtindi na maharage yaliyopondwa hutangulia, na ugali hufuata nafasi ikibaki. Soda, juisi na chai yenye sukari nyingi humletea mgonjwa, hasa wa mchepuko, mapigo ya moyo ya haraka, jasho, tumbo kusokota na kuhara. Sasa fikiri: ni nani anayepika katika nyumba zetu? Mara nyingi si mgonjwa peke yake. Mpishi asipoambiwa atapika kama jana, na mgonjwa atakula kama jana au atalala na njaa.

Kuna pia yale yasiyoonekana mezani. Vitamini na madini humezwa kila siku kwa maisha yote: madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, vitamini B12 na nyinginezo. Akiba ya B12 huweza kudumu kwa miaka, na hapo ndipo ulipo mtego wake. Mgonjwa huacha dawa, hujisikia vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, kisha ganzi ya miguu na upungufu wa damu huja wakati ambapo hakuna anayekumbuka upasuaji. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele huweza kunyonyoka. Kwa kawaida huota tena iwapo lishe ni nzuri, lakini asiyejua hukimbilia tiba zisizo na maana.

Dawa za maumivu ni jambo jingine. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazopatikana katika kila duka la dawa, huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, hasa kwa aliyefanyiwa mchepuko. Muuzaji hawezi kumkinga mtu ambaye hajamwambia. Mgonjwa wa kisukari anayeendelea na kipimo kilekile cha insulini huku chakula kimepungua mno anaweza kuzimia kwa kushuka sukari. Mwanamke aliyehangaika kupata ujauzito anaweza kushika mimba ghafla, maana kupungua uzito hufungua uzazi, ilhali tunashauri asubiri miezi 12 hadi 18, na vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki vyema baada ya mchepuko. Pombe huingia katika damu haraka kuliko zamani, na baadhi ya waliopoteza faraja ya chakula huitafuta katika chupa. Hata ibada inahusika: anayetaka kufunga Ramadhani azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu tumbo dogo haliwezi kufidia usiku mmoja maji na lishe ya mchana mzima.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni zito. Siri ya mgonjwa ni haki yake, na sisi madaktari tumeapa kuilinda. Nani ametupa mamlaka ya kumtaka atangaze mwili wake? Jibu langu ni kwamba simtaki atangaze. Mtaa hauna haki ya kujua, ofisi haina haki ya kujua, na shangazi wa mbali anaweza kuendelea kubahatisha. Lakini kuna tofauti kati ya faragha na upweke. Mwenye faragha huchagua nani ajue, ilhali mpweke hana hata mmoja. Ninachoomba ni watu wa aina mbili tu: mwenza au ndugu mmoja anayeishi naye, na kila mhudumu wa afya atakayemtibu.

Ombi hilo linatuhusu sisi wataalamu kabla ya kumhusu mgonjwa. Kabla ya upasuaji, pamoja na vipimo vya moyo na damu, tumuulize: nani nyumbani atajua? Kama jibu ni hakuna mtu, tusimfukuze, bali tuahirishe tarehe na tuzungumze naye zaidi, maana jibu hilo ni hatari kama vile shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Huyo mtu mmoja aje kliniki, afundishwe chakula, dawa na dalili za hatari. Kila mgonjwa, awe amepasuliwa hapa au ng'ambo, awe na kadi ya Kiswahili inayotaja aina ya upasuaji, tarehe, dawa za kuepuka, na sentensi moja kwa herufi kubwa: akitapika zaidi ya siku mbili au tatu, apewe thiamini kabla ya glukosi. Na bei ya upasuaji isiishie chumba cha upasuaji. Anayelipia safari na kisu bila kutenga fedha za vitamini, vipimo vya damu na kliniki za miaka ijayo amenunua nusu ya tiba.

Nasi wengine tunao wajibu usiogharimu chochote. Tunapokutana na mtu aliyepungua, tuache kumuuliza mbona amekwisha. Anapokula matonge matatu na kushukuru, tumwamini kwamba ameshiba. Wakwe, mawifi na mashemeji wanaoweza kusema "kula kiasi chako, mwanangu" wanamtibu zaidi ya wanavyojua.

Mama niliyeanza naye bado huja kliniki. Huandamana na mdogo wake, yule aliyemshika bega la kulia siku ile, ambaye sasa ndiye anayetunza kadi na kukumbuka tarehe ambazo dada yake hawezi tena kuzikumbuka. Wiki chache zilizopita nilimuuliza mdogo mtu kama wangemcheka dada yao iwapo angewaambia tangu mwanzo. Alifikiri kidogo, akajibu kwa ukweli: "Pengine tungemcheka, daktari. Lakini tungempikia."