Chombo Hakisifiwi kwa Kuvuja

Mdogo wangu anatengeneza magitaa Igogo, kwenye chumba kimoja kilichobanwa na mawe mawili makubwa, juu ya kilima kinachotazama bandari ya Mwanza Kusini. Gitaa lake la tatu lilikuwa na mgongo wa mninga uliotoka kwenye mlango wa zamani, uso wa msonobari na shingo ya mkongo. Mwalimu mmoja wa kwaya akaja kulijaribu. Alipiga nyuzi, akafumba macho, akapiga tena. Kisha akapitisha kiganja tumboni mwa gitaa, kibanzi kikamchoma.

"Kijana wangu, sauti ipo," alisema. "Lakini hili nitalisimamisha vipi mbele ya waumini?"

"Nitalipiga msasa tena, mwalimu."

"Haya, Mungu akubariki."

Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa na gitaa la dukani, la plaiwudi, linang'aa kama sahani ya harusi na kulia kama debe.

Nilimkasirikia sana yule mwalimu. Siku hizi nimemsamehe, hasira nimeihamishia kwa watu wengine, na huenda wewe unayesoma hapa ni mmoja wao. Nawasema wale waliopanda kilima chetu na kamera, wakamwambia mdogo wangu: "Usilipake chochote, kaka. Liache hivihivi, lina uasilia." Walipiga picha, wakashuka. Hakuna aliyenunua. Naye akawaamini, kwa sababu walikuwa wamesoma.

Uasilia wa nani? Shuka nao hadi ufukweni, wanakoundia mitumbwi ya dagaa na sangara. Fundi akishagonga ubao wa mwisho hasemi amemaliza. Anachukua pamba, anaisindilia kwenye kila ungio, anatia kalafati mpaka maji yakose pa kupita. Hajatokea mgeni wa kumwambia mtumbwi unaovuja una uasilia. Kwa Kiswahili kinachokwenda majini ni chombo, na kinachopigwa kwayani ni chombo. Kwa nini kimoja kidaiwe kukamilika na kingine kisifiwe kwa ukwaru?

Msiniambie vanishi ni urembo. Mbao isiyopakwa hunywa unyevu wa masika na kuurudisha kiangazi. Hutanuka, husinyaa, na siku moja uso wa gitaa unapasuka kuanzia kwenye tundu. Jasho la mkono linaweusha shingo. Vanishi haizuii unyevu kabisa, ila inaupunguzia mwendo, na mbao inapata nafasi ya kuzoea taratibu. Mbali na hapo, kuna bei. Mpingo unakatwa kusini mwa nchi yetu, unasafirishwa Ulaya, unageuka klarineti na zumari za okestra. Kinachoupandishia bei kiasi hicho ni kazi ya mikono baada ya msumeno. Anayemshauri fundi wa Igogo aishie kwenye msumeno anamshauri abaki maskini, hata kama amemshauri kwa mapenzi.

Wapo pia wanaosema ung'avu ule ni siri ya viwanda. Mwaka 2009 watafiti wa Paris walitangaza walichokikuta kwenye vanishi ya vyombo vitano vya Stradivari: mafuta ya kawaida waliyotumia wachoraji wa zama zake, utomvu wa miti jamii ya msonobari, na rangi. Hapakuwa na uchawi. Palikuwa na mtu asiye na haraka.

Haraka ndiyo iliyomponza mdogo wangu alipoacha kuwasikiliza wapiga picha. Alipaka laka nzito mara tatu usiku mmoja wa vuli, dirisha likiwa wazi. Asubuhi gitaa lilikuwa jeupe kama limemwagiwa maji ya sabuni, na wadudu wa ziwani wamenasa tumboni kama ufuta kwenye mkate. Wadudu kila mtu wa Mwanza anawajua. Ule weupe ni hivi: tina inapokauka upesi inaupoza uso wa mbao, na hewa yenye unyevu inaacha maji yake ndani ya laka. Akakwangua yote, akaanza upya.

Safari hii alianza na msasa namba 120, akapanda hadi 320, akifuata mshipa wa mbao. Alipangusa kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za mbao zisimame, akazikata tena. Vinyweleo vya mninga alivijaza vumbi la mninga uleule lililochanganywa na siila. Ubao wa vidole aliufunika kwa utepe wa karatasi, na mahali pa daraja akapaacha patupu, kwa kuwa gundi haishiki juu ya vanishi. Laka aliipaka nyembamba, mchana mkavu, kila mkono ukisubiri uliotangulia. Ikirundikwa nene juu ya uso, inaukaba na sauti inafifia. Kisha akalitundika gitaa wiki tatu bila kuligusa. Mwisho ukawa msasa wa maji, 1000 kisha 2000, na dawa ya kung'arishia wanayotumia mafundi rangi wa magari.

Zile wiki tatu ndizo tulizogombania. Alitaka kwenda gereji, apulizie ile klia ya magari inayochanganywa na dawa ya kukaushia, amalize kwa siku moja.

"Dada, kila mtu anaitumia."

Nilimkatalia. Dawa ile ina isosayaneti, ambayo ikipulizwa inaweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na kitambaa cha kufunga puani hakiizuii. Inahitaji chumba chake na kifaa cha kumletea fundi hewa safi. Mdogo wangu analala chumba hichohicho anachofanyia kazi, na watoto wa jirani wanacheza mlangoni. Mapafu yake siyatoi kafara ili kwaya ipate gitaa kabla ya Pasaka.

Basi haya ndiyo madai yangu kwako uliyesoma. Ukiagiza gitaa Igogo, lipia na siku ambazo linaning'inia tu ukutani, maana nazo ni kazi. Usipige simu kila jioni kuuliza limefika wapi. Likija na kibanzi, lirudishe. Fundi anayerudishiwa kazi amehesabiwa kuwa fundi. Ukipenda mbao isiyong'aa, sawa, agiza ipakwe mafuta na isuguliwe vizuri, lakini ulipe bei ya kitu kilichokamilika.

Yule mwalimu alirudi. Alipitisha kiganja palepale pa mwanzo, taratibu, kama anayekumbuka maumivu. Mkono ukateleza. Hakusifu. Aliuliza bei, akaanza kubishana, na sisi tukajua tumeingia sokoni.