Meli Zipitazo Rusinga: Jibu kwa Wanaoizika Mombasa

Ukisimama upande wa kaskazini wa kisiwa cha Rusinga, pale wanawake wanapoanika omena juu ya nyavu kuukuu, mbele yako kuna mlango wa maji. Ng'ambo ni Uyoma, kaunti ya Siaya. Kulia kwako ni Ghuba ya Winam, na Kisumu imejificha mwisho wake. Kushoto ziwa linafunguka hadi macho yachoke. Meli yoyote itokayo Kisumu kwenda Port Bell au Mwanza sharti ipite hapa.

Ndiyo maana nilistaajabu siku moja pale Mbita, nikingoja feri ya Luanda Kotieno, kuwasikia watu wakibishana kuhusu bandari za Mombasa na Dar es Salaam kama wabishanavyo kuhusu Arsenal na Manchester United: timu za mbali, mashabiki wa karibu, na ushahidi ni sauti. Niliingilia, nikajibu nilivyoweza. Feri ilifika kabla sijamaliza, kwa hiyo namalizia hapa.

Dai lililopigiwa kelele zaidi lilikuwa hili: "Mombasa imekwisha. Makasha yote yamehamia Dar."

Hesabu inakataa. Mwaka 2023 bandari ya Mombasa ilihudumia makasha yapatayo milioni 1.62 kwa kipimo cha kasha la futi 20. Mwaka 2024 ilivuka milioni 2 kwa mara ya kwanza katika historia yake, na shehena yote kwa jumla ikapita tani milioni 41. Maiti haiongezi uzito hivyo. Kweli, sehemu ya ongezeko lile ni makasha ya kushushwa na kupakiwa meli nyingine, wakati ambapo mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalikuwa yamevuruga safari za meli kuanzia mwishoni mwa 2023. Hayo yanaweza kuondoka kama yalivyokuja. Lakini hata ukiyatoa, huwezi kuipigia bandari hiyo matanga.

Wanaosema Mombasa imeibiwa husahau pia kuuliza mwizi alichukua nini. Dar inakua, tena kwa kasi, ila sehemu kubwa ya ukuaji huo ni mizigo ya Zambia kupitia Tunduma, na shaba ya Katanga. Hao hawajapata kuwa wateja wa Mombasa kwa kiwango cha kujivunia. Kongo yenyewe imegawanyika kwa mujibu wa barabara zake: Bunia, Beni na Butembo hutazama Uganda na Mombasa, Lubumbashi na Kolwezi hutazama kusini na Dar. Mteja ambaye Mombasa imempoteza kwelikweli ni Rwanda, na hapo sababu haihitaji mchawi. Kutoka Dar hadi Kigali kupitia Rusumo ni karibu kilomita 1,500. Kutoka Mombasa ni kama 1,700, na mipaka ya kuvuka ni miwili badala ya mmoja. Dereva wa lori anaijua hesabu hiyo bila kalamu.

Mwingine, kijana mwenye kofia ya mvuvi, akasema: "Uganda ikikasirika inahama kesho, na sisi tutabaki na kreni zinazoning'inia bure."

Uganda imeshakasirika, na tumeona ilichofanya. Januari 2008, baada ya uchaguzi wetu kuingia damu, reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na Kampala na Kigali zikakosa petroli. Mwaka 2020 foleni ya malori Malaba ilirefuka kilomita kadhaa kwa sababu madereva walipimwa korona mmoja mmoja. Mwishoni mwa 2023 ikawa mafuta tena: Kampala haikupenda mpango wa Kenya wa kuagiza mafuta kwa mikataba ya kiserikali, ikaishtaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na jina la Dar likatajwa kwa sauti ya kutosha kusikika Nairobi. Na mwisho wake? Kufikia katikati ya 2024 Shirika la Mafuta la Uganda lilikuwa likiagiza lenyewe, na mafuta hayo yakaendelea kupita Kenya, kwenye bomba lilelile.

Kinachoifunga Uganda si mapenzi. Mombasa hadi Kampala ni karibu kilomita 1,170. Dar hadi Kampala kwa barabara ya Mutukula ni karibu 1,780. Tofauti ya kilomita 600 ni dizeli, ni matairi, ni siku mbili za posho ya dereva na utingo wake. Ndiyo maana karibu theluthi mbili ya mizigo ya nchi jirani inayopita Mombasa ni ya Uganda. Ila mwenye dai ana chembe ya ukweli, nami nampa: mteja asiyeweza kuhama leo anaweza kujenga njia ya kuhamia. Nitalirudia nikifika kwenye maji.

Mzee mmoja aliyekuwa amesoma magazeti akaleta hoja ya wageni. "Jaduong'," aliniambia, ingawa ni yeye aliyenizidi umri, "wape DP World bandari, utaona. Dar walifanya hivyo, wakapona."

Hapa watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tanzania ilitia saini mikataba na DP World Oktoba 2023, baada ya mjadala uliofika bungeni, mitaani na mahakamani. Mwaka 2024 kampuni hiyo ikaanza kuendesha baadhi ya magati, na kundi la Adani likachukua kituo kingine cha makasha. Hayo ni kweli, na meli zinashughulikiwa upesi kuliko zamani. Lakini Dar haikuanza ubinafsishaji mwaka huo. Kituo cha makasha kilikodishwa kwa kampuni ya TICTS mwaka 2000, nayo ikakiendesha hadi mwisho wa 2022. Katika miaka hiyo ishirini na ushee Dar ilisifika kwa foleni za meli zilizotia nanga nje zikingoja zamu. Kama kukabidhi bandari kwa kampuni binafsi ndiyo dawa, mgonjwa alikuwa akinywa dawa hiyo muda wote.

Kilichobadilika kabla ya DP World kufika ni kina cha maji. Serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliimarisha na kuchimba magati ya kwanza hadi ya saba ili meli kubwa ziingie. Aliyekuja baadaye alikuta mlango umeshapanuliwa. Na Mombasa? Kituo chake cha pili cha makasha kilijengwa kwa mkopo wa Japani, awamu ya kwanza ikakamilika 2016 na ya pili 2022, na makasha yale milioni 2 yalihudumiwa bandari ikiwa chini ya mamlaka ya umma. Sisemi serikali ni mwendeshaji hodari. Aliyewahi kufuatilia karatasi za kutolea mzigo pale bandarini Kilindini atanicheka. Nasema tu kwamba hati ya umiliki haishushi kasha.

Kuhusu reli ya kisasa, SGR, nitakuwa mfupi. Treni ilifika Nairobi 2017, ikafika Naivasha 2019, ikasimama. Mwaka huohuo serikali iliamuru makasha yapande treni watu watake wasitake, na wenye malori na vibarua wa Mombasa wakaandamana. Septemba 2022 Rais Ruto, siku alipoapishwa, akarudisha utoaji wa mizigo Mombasa. Anayesema "SGR imeiokoa Mombasa" na anayesema "SGR imeiua" wote wanazungumzia reli iliyoishia njiani, karibu na Maasai na ng'ombe wao. Lamu nayo, yenye gati lililofunguliwa Mei 2021 na kina cha mita 17.5, haijapata barabara wala reli ya kuifikisha Ethiopia inavyotakiwa. Meli zinazotia nanga huko hushusha makasha yapakiwe meli nyingine. Inashindana na Djibouti na Salalah kuliko inavyoshindana na Mombasa.

Sasa dai lililonikera, kwa sababu lilitolewa na watu waliokaa wakitazama maji: "Hayo ni mambo ya pwani. Sisi wa ziwa hayatuhusu."

Mashindano ya Mombasa na Dar yalipiganiwa hapa ziwani kabla ya bahari kuyasikia. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, pamba na ngozi za Uganda zilivuka ziwa kwa meli ya mvuke, zikapanda treni hadi Mombasa. Hata mali ya Mwanza na Bukoba, zikiwa chini ya Wajerumani, ilikuja Kisumu, kwa kuwa hapakuwa na reli ya kuipeleka Dar. Mojawapo ya meli zilizofanya kazi hiyo ilijengwa Uskoti mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu. Jina lake lilikuwa Rusinga. Halafu reli ya Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, na Dar ikapata mkono wake ziwani. Mwaka 1931 reli ikafika Kampala kwa nchi kavu, na Kisumu ikapoteza kazi yake kubwa kwa Uganda. Miaka mitatu ilitosha kubadilisha ramani yote, na hakuna gati lolote la pwani lililohamishwa hata hatua moja.

Katikati ya miaka ya 1960 ziwa likapewa nafasi ya pili. Uhuru na Umoja, meli pacha zenye reli sakafuni, zikawa zinameza mabehewa ya treni mazimamazima na kuyatapika ng'ambo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 pacha wakatenganishwa: Uhuru ikawa ya Kenya, Umoja ya Tanzania. Uganda ilijipatia za kwake, na mwaka 2005 mbili kati ya hizo, Kabalega na Kaawa, zikagongana ziwani na Kabalega ikazama. Uhuru nayo ikaegeshwa Kisumu miaka mingi, gugu maji likiizunguka kama shamba.

Nani alizinduka kwanza? Tanzania. Mwaka 2018 Umoja ilianza tena kupeleka mabehewa kutoka Mwanza hadi Port Bell, na ghafla kasha la Dar lilifika Kampala bila kukanyaga barabara ya Mutukula. Zile kilomita 600 zilianza kuyeyuka majini. Kenya ikairudisha Uhuru kazini mwishoni mwa 2019, ikibeba mafuta, na baadaye ikaunda Uhuru II papo hapo Kisumu. Gati la mafuta la Kenya Pipeline lilikamilika 2018, likakaa miaka likingoja ghala la upande wa Uganda liishe. Ukitaka kujua nani atashinda kati ya Mombasa na Dar, acha kutazama kreni za Kilindini. Kaa Rusinga uhesabu meli, na uangalie zinatoka Kisumu au zinatoka Mwanza.

Na kama hilo ni la mbali, fungua jiko. Samaki wa kugandishwa kutoka China, anayeuzwa Kisumu bei ya chini kuliko ngege wa hapa, aliingia kwa kasha lenye baridi kupitia Mombasa. Minofu ya mbuta iliyokatwa viwandani hutoka kwa mlango huohuo. Nyavu nyingi zilizoanikwa kwenye bichi nazo zilikuja kwa kasha. Gharama ya kasha ikipanda, mvuvi analipia nyavu. Ikishuka, samaki wa China anashuka bei pamoja nayo.

Yule kijana mwenye kofia alinisikiliza hadi hapo. Kisha akauliza: meli hizo kubwa zikipita usiku kwenye mlango wa Rusinga, nasi tumetega nyavu na taa zetu za omena zinaelea, nani atalipa nyavu zikikatwa? Madai mengine yote nilikuwa na namba zake. Hili sikuwa na jibu, na feri ilikuwa imeshafika gatini.