Ramli Yenye Koti Jeupe

Ukiwaambia watu wa Dar kwamba unakwenda Sumbawanga, watacheka. Mmoja atauliza kama umeaga nyumbani, mwingine atakushauri uache basi upande ungo. Utani umechakaa huu. Wafipa wenyewe watakueleza kuwa jina la mji wao maana yake ni "tupa uchawi", yaani kama unao, uache hapo hapo mlangoni. Halafu hawa ni watu ambao babu zao waliyeyusha chuma katika matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, malungu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Hiyo ni sayansi wadau, tusitaniane.

Nimeanza na uchawi makusudi. Kama kuna ramli inayonitisha hapa Ufipa na Tanzania nzima, ni ile inayopigwa na watu wenye koti jeupe.

Juzi nimeshinda na dada mmoja anayefanya kazi maabara, katika hospitali ambayo siitaji. Wagonjwa wanamwita "yule wa damu". Hakuna anayemjua jina, ila yeye ndiye anayejua nani ana nini.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Tone nene la damu kwenye kioo, kisha unangoja likauke, na kwenye uwanda huu wa karibu mita 1,800, Juni na Julai, tone halina haraka kabisa. Halafu rangi ya Giemsa, suuza, kausha tena, tone la mafuta, ndipo macho yanapoingia kwenye hadubini. Mdudu akiwepo kwa wingi, dakika moja inatosha. Kusema HAKUNA ndiyo shughuli: unatakiwa upekue maeneo 100 ya kioo kile kabla hujaandika. Ukizidisha kwa foleni ya siku nzima, utaelewa kwa nini anasugua macho kila mara. Na umeme ukikatika? Anasogeza hadubini ya kioo dirishani, anaazima jua.

Sasa jibu hilo gumu kulipata ndilo lisilotakiwa na mtu. "Mdogo wangu," aliniambia, "nikiandika hakuna, mama anaona nimemnyima dawa mwanawe." Sisi tumezoea kurudi na "malaria tatu", tena na taifodi juu yake kama nyongeza. Ukikosa hapa unakwenda duka la dawa, au zahanati ya pili ambako hawakosi kitu. Ni biashara, na wateja ni sisi.

Ubaya ni kwamba huku Ufipa kubahatisha hakufai kabisa. Mjini juu ni baridi, mbu wa malaria hawapapendi sana. Ukiteremka kwenye bonde la Ziwa Rukwa, mita kama 1,000 chini, ni joto na malaria ipo kwelikweli. Basi la jioni linachanganya abiria wa pande zote mbili, na wote wana homa. Utawatenganishaje kwa kuwatazama usoni?

Msidhani natia chumvi. Watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi mwaka 2007 na 2008, matokeo yakatoka 2013. Madaktari waliwaandikia malaria wagonjwa 528. Waliokuwa na malaria kweli? 14. Rudia kuisoma hiyo. Wengine walikuwa na homa ya mgunda, brusela na mambo mengine ambayo dawa ya malaria haiyagusi. Kuna watu walikufa wakiwa wanatibiwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Na hiyo Widal tunayolipia kila homa ikija, kipimo cha tangu 1896, inaangalia kinga iliyomo kwenye damu. Kinga inaweza kuwepo kwa sababu uliugua zamani. Ushahidi wenyewe ni kuotesha vimelea vya damu, kazi ya siku kadhaa, na sehemu nyingi hakuna vifaa. Kwa hiyo tunanunua karatasi yenye neno "positivu" na roho inatulia.

Watu wa maabara tunawakumbuka wakati wa balaa tu. Mei 2020, Rais Magufuli alipotangaza kuwa sampuli za papai na mbuzi zimetoa majibu ya korona, nchi nzima ikageuka mtaalamu wa vipimo kwa wiki moja. Ila Julai 2022 watu wa Ruangwa walipokuwa wakitokwa damu puani, ni maabara iliyosema ni mgunda. Machi 2023 ni Maabara ya Taifa iliyosema Kagera ni Marburg. Wale hatukuwashangilia, tulisubiri habari nyingine.

Mimi naona daktari anayepokea "hakuna" halafu akaandika dawa ya malaria vilevile anamtukana mwenzake aliyepekua kioo kile. Na mgonjwa anayelazimisha naye yumo. Serikali ilete mashine, sawa, lakini mashine haitasaidia kama jibu lake linawekwa chini ya kalamu.

Kwa hiyo ukipima wiki hii ukaambiwa hakuna mdudu, usihame zahanati. Rudi na karatasi yako kwa daktari, kaa kitini, umuulize: kama si malaria, ni nini basi?