Kodi Isiyo na Risiti: Pikapu Zilizoinuliwa za Mpanda

Pikapu kuukuu ikinunuliwa Makanyagio, hapa Mpanda, aghalabu hupelekwa gereji kabla haijabeba hata gunia moja. Fundi huongeza majani ya springi, hubadilisha shokapu, hufunga matairi makubwa na, akiwa mwangalifu, hupandisha bomba la kuvuta hewa hadi usawa wa paa ili injini isimeze maji. Wapita njia huiona kazi hiyo kuwa ulimbwende wa vijana wanaopenda magari marefu. Kwangu mimi ni suala la uchumi wa umma, na linawahusu wote wanaopanga bajeti ya barabara.

Tutende haki kwanza kwa yaliyofanyika. Tangu Katavi imegwe kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, lami imetufikia kutoka Sumbawanga na kutoka Tabora. Msafiri ambaye zamani alitegemea reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa na wakoloni kwa ajili ya madini ya risasi, leo ana njia nyingine. Lakini lami hiyo ni ya barabara kuu, ilhali uchumi wetu huanzia mbali nayo: kwenye mpunga wa Mpimbwe, mashamba ya Mishamo na samaki wa Karema. Mvua zinaponyesha, kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo mweusi wa mbugani hunata kama ulimbo, na kijito ambacho Septemba mtoto alikiruka hugeuka mpaka kati ya mkulima na soko. Hapo ndipo pikapu iliyoinuliwa huanza kazi.

Tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa wengi tunaizungumzia bila kuijua. Springi zikiongezwa, bodi na chesisi hupanda, lakini difu hubaki palepale ilipokuwa, maana imefungwa kwenye ekseli. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi. Tairi kubwa nalo lina gharama: injini hufanya kazi kwa nguvu zaidi, mafuta huongezeka, breki huchelewa kulishika gari, na mshale wa mwendo huonyesha pungufu ya kasi halisi. Paipu za breki zisiporefushwa, siku gurudumu litakaponing'inia korongoni zinaweza kukatika. Zaidi ya yote, uzito wa gari huhamia juu. Pakia magunia, kisha waketi watu juu ya magunia, na kona iliyopitika salama jana leo inaweza kulipindua gari.

Kwa hiyo mwenye pikapu hulipa mara tatu: kwa fundi, kwa mafuta na kwa usalama. Malipo hayo hayabaki kwake. Huyahamishia kwenye nauli ya mama mjamzito anayepelekwa hospitali, na kwenye bei anayompa mkulima shambani, ambayo huipunguza ili kufidia safari. Asiyemiliki hata baiskeli hulipia matairi ya gari ambalo hatalimiliki kamwe. Hii ni kodi kama kodi nyingine, ila haikupitishwa na Bunge, haina kiwango na haina risiti.

Kuna na kodi yenye risiti. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na ushuru wa mafuta ukaongezwa. Mwaka 2021 Bunge likapitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Mantiki yake ni njema: atumiaye barabara aichangie. Lakini hebu tufanye hesabu. Gari linalojikokota kwa gia ndogo katika matope huunguza mafuta mengi kwa kila kilomita kuliko gari kama hilo linaloteleza juu ya lami. Kwa hiyo, kilomita kwa kilomita, mwenye barabara mbovu huchangia mfuko wa barabara zaidi ya mwenye barabara nzuri. Tumejenga utaratibu ambao, bila mtu yeyote kukusudia, ubovu wa barabara huongeza mchango wa anayeumizwa nao.

Wapo watakaosema tujivunie ubunifu wa mafundi wetu. Nami nawaheshimu, ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini tuwe macho na sifa zinazowapunguzia wengine wajibu. Kule Kenya, tangu mwaka 1989, yamekuwapo mashindano ya Rhino Charge, ambamo wenye magari yaliyoimarishwa hupita porini kwa hiari yao, na fedha zinazochangwa huenda kwenye uhifadhi. Wale huchagua njia ngumu kwa siku moja, kisha hurudi kwenye lami. Dereva wa Karema hakuchagua. Kuwaweka wote wawili katika sifa moja ya ushupavu ni kuigeuza shida kuwa burudani.

Tena serikali yenyewe imefuata njia ileile ya fundi wa Makanyagio. Kwa miongo mingi jibu la ofisi nyingi kwa barabara mbovu limekuwa kununua magari marefu ya magurudumu manne, yale ambayo wananchi waliyabatiza mashangingi. Tofauti ni kwamba shangingi hutoka kiwandani likiwa tayari limeinuliwa, na bili yake hulipwa na umma. Matokeo yake ni kwamba mtu anayepanga vipaumbele vya barabara hufika kijijini bila kuuhisi mtaro uliokwamisha gari la mwanakijiji. Barabara isiyomkwamisha mpangaji ni rahisi kuandikwa katika taarifa kuwa inapitika.

Naomba nieleweke: sisemi askari wa usalama barabarani wafumbe macho. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe salama, na ni haki. Lakini kulikamata gari lililorefushwa huku tukiiacha barabara iliyolilazimisha kurefushwa ni kuadhibu dalili na kuusamehe ugonjwa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mafundi wa gereji wapewe mafunzo mafupi kupitia VETA, na viwango vya wazi viwekwe: gari liinuliwe kwa kiasi gani, paipu za breki zirefushweje, na gari la namna hiyo lisibebe abiria juu ya mizigo. Pili, TARURA ipimwe kwa miezi ambayo barabara inapitika na gari la kawaida, badala ya kilomita zilizochongwa tu. Barabara nyingi za vijijini hukatika sehemu chache zinazojulikana, na kalavati moja lililowekwa mahali pake laweza kufungua kilomita nyingi. Tatu, mgawanyo wa fedha za mafuta uzingatie gharama ya kusafiri, si urefu wa barabara na idadi ya magari pekee. Vinginevyo penye barabara mbovu magari yatapungua, na kupungua huko kutakuwa sababu ya kunyimwa fedha.

Kwa wanafunzi wangu wa uchumi na utawala, kuna utafiti hapa unaosubiri mtu. Nendeni gereji, waulizeni mafundi gari linatoka wapi, linaelekea wapi na limegharimu kiasi gani kuinuliwa. Yachoreeni majibu ramani, kisha muilinganishe na ramani ya bajeti ya halmashauri. Kwa watumishi wa umma, ombi langu ni jepesi zaidi: mwezi Februari, safari moja tu ya ukaguzi, acheni shangingi ofisini na mpande pikapu ya abiria.