Kiti Kisicho na Mshahara

Rongui ni kisiwa kidogo kaskazini ya Vamizi, katika pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji. Katika pwani hiyo ya wavuvi watu hujuana kwa majina, kwa nyavu na kwa madeni. Mahali kama hapo kiongozi hawezi kujificha nyuma ya hotuba, kwa maana anayemchagua anajua jinsi anavyoishi nyumbani kwake.

Jimbo hilo lina historia ndefu ya uongozi wa kujitolea. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vya ukombozi vilianza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Nyuma ya wapiganaji walikuwako raia walioandikisha wanachama kwa siri, waliobeba mizigo na waliolima chakula. Katika Cabo Delgado kazi hiyo iliongozwa na watu walioitwa wenyeviti, chini ya Lázaro Nkavandame. Jasho lao lilikuwa kubwa. Lakini biashara ya maeneo yaliyokombolewa ilipokuwa mikononi mwao, baadhi yao walishutumiwa kujitajirisha kwa mali ya umma. Ugomvi ulikua, hata mwaka 1969 Nkavandame akajiunga na Wareno.

Baada ya Mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba 1974, viliundwa vikundi vya uhamasishaji, vilivyoitwa kwa Kireno Grupos Dinamizadores. Katika vijiji, mitaa na viwanda, wananchi walikutana hadharani na kuwachagua wajumbe wao kwa kunyosha mikono. Mmoja alikuwa katibu. Wengine waligawana siasa, uzalishaji, elimu, afya na mambo ya akina mama. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Mchana mjumbe alikuwa shambani au baharini kama jirani zake. Jioni alisuluhisha ugomvi wa mume na mke, alipanga siku ya usafi na kuwahimiza watu wazima kuingia darasa la kusoma.

Je, nani alipika, akachota maji na kuwalaza watoto huku mjumbe akiwa mkutanini? Mzigo huo ulimwangukia mkewe. Na pale mjumbe alipokuwa mwanamke, mara nyingi aliubeba mwenyewe pamoja na ule wa mkutano. Umoja wa Wanawake wa Msumbiji, ulioundwa mwaka 1973, uliwahimiza akina mama washike nafasi za uongozi. Lakini kuketi mbele hakukupunguza kuni za kukata.

Mwishoni mwa mwaka 1977 ulifanyika uchaguzi wa mabaraza ya wananchi. Kila mgombea alisimama mbele ya jirani zake, na yeyote aliweza kumsema. Nchini kote zaidi ya wagombea 2,000 walikataliwa: wengine kwa kuwa walimtumikia mkoloni, wengine kwa ulevi, wengine kwa jinsi walivyowatendea wake zao. Ni jambo kubwa mtu kukatazwa uongozi kwa sababu ya kilio kilichosikika ukutani mwa jirani.

Hata hivyo haki hiyo ilikuwa na upungufu. Machifu wa zamani na wenye wake zaidi ya mmoja walifungiwa mlango wa Chama, hata pale ambapo jirani zao waliwaamini. Katika pwani ya Waislamu hilo liliacha uchungu. Mkutano Mkuu wa Tano wa mwaka 1989 ndio uliowafungulia waumini wa dini uanachama, na mwaka 2000 amri ya serikali ilitambua viongozi wa jadi sambamba na makatibu wa vijiji na mitaa. Wananchi wakiulizwa, waachwe wajibu wenyewe. Jibu likiandikwa kabla ya mkutano, mikono hunyoshwa lakini mioyo hubaki chini.

Kwa familia za askari wa Tanzania, somo hili li karibu sana. Tangu mwaka 1992 Katiba inamkataza mwanajeshi, polisi na askari magereza kujiunga na chama cha siasa, ingawa anayo haki ya kupiga kura. Mkewe hakukatazwa. Anaweza kuchaguliwa kuwa mjumbe au katibu wa tawi, akarudi usiku amechoka bila senti mkononi. Mume mwenye busara atamwekea chakula, wala hatapita mtaani na sare yake ili watu wamwogope mkewe. Naye mke hataitaja kambi ya mumewe katika mkutano.

Wanachama wa TANU walifundishwa kuahidi kwamba cheo ni dhamana, na kwamba mtu asitumie cheo chake, wala cha mwenzake, kwa faida yake. Maneno hayo yanahusu ofisi, lakini mlinzi wake wa kwanza ni nyumba. Mtaa unaojua kwamba kitambaa cha sare hakikuingia mkutanini utanyosha mikono bila hofu, na kiti kisicho na mshahara kitabaki na heshima yake.