Barua ya Onyo Ifutwe



Mwenzetu aliyeungua mkono kwa oksijeni amepewa barua ya onyo. Eti uzembe! Sisi tunaochomelea mabehewa twauliza: mtu aliyetoka kupaka grisi atanawa vipi, ikiwa sabuni hakuna, na glavu safi ni jozi moja kwa watu sita? Oksijeni iliyoshindiliwa mtungini, ikikuta grisi au mafuta penye valvu, huweza kuwaka bila kiberiti. Wakubwa wanalijua jambo hili. Wamelibandika ukutani, kwa Kiingereza. Na mitungi ya asetilini yalazwa chini kama magogo, hali yapaswa kusimama wima. Barua ile ifutwe. Na mpaka sabuni na glavu zije, valvu hatugusi.