Kishale Kikipotea Kwenye Kioo

Mwezi huu tuongee habari ya kompyuta ya nyumbani. Hapa kwetu Kisiba kompyuta moja hutumiwa na wengi: watoto kwa masomo, baba kwa barua, nasi kwa hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Baadhi zinatumia Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo hupatikana bila malipo. Nazo huugua. Kishale kinachofuata kipanya hupotea ghafla, hupepesa, au hugeuka kijisanduku.

Wengine hukimbilia kununua kipanya kipya. Wengine humwachia fundi afute kila kitu na kuanza upya, na hapo ndipo hesabu za wanachama na picha za ubatizo wa mtoto hupotea.

Sisi wauguzi hatutoi dawa kabla ya kupima. Pitisha kipanya taratibu juu ya vitufe vilivyo kwenye kioo. Vikibadilika rangi, kipanya ni kizima. Kilichoharibika ni uchoraji wa kishale. Katika kompyuta nyingi kishale huchorwa peke yake, juu ya picha nyingine, na kifaa cha picha. Kwa hiyo kinaweza kutoweka huku kazi yako ikiwa salama. Visipobadilika, angalia waya au betri ya kipanya. Kama ni kompyuta ya mapajani, huenda kitufe cha kuzima kibao cha kugusa kimebonyezwa.

Matibabu ni haya. Kwanza, okoa kazi: bonyeza Ctrl na S kwa pamoja. Pili, bonyeza Ctrl, Alt na F3. Kioo kitakuwa cheusi na kuuliza jina, usiogope. Rudi kwa Ctrl, Alt na F2. Kwenye kompyuta nyingine ni F1 au F7. Mara nyingi kioo huchorwa upya na kishale hurudi. Tatu, kisiporudi, zima na kuwasha kwa utaratibu, kisha pokea masasisho ya programu, maana mara nyingi kosa huwa katika programu inayoongoza kifaa cha picha. Nne, ugonjwa ukirudia, bofya jina lako kwenye ukurasa wa kuingia, kabla ya kuandika neno la siri, utazame chini ya kioo. Ukiona alama ya gurudumu lenye meno, kompyuta yako ina njia zaidi ya moja ya kuchora, kama Wayland na Xorg. Jaribu ile nyingine.

Kishale kikiwepo ila ni kidogo mno kwa macho yetu, ukubwa wake huongezwa kwenye mipangilio, sehemu ya usaidizi wa kuona.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kila mwisho wa mwezi nakili hesabu na picha kwenye flashi, uiweke mbali na kompyuta. Na fundi akisema lazima afute, mama, muulize kwanza: "Mafaili yetu umeshayanakili wapi?" Akuonyeshe, uyafungue kwa mkono wako, ndipo aendelee.